Lithiamu Isiyorudi: Kwa Nini Betri Huchakaa

Tuseme kila betri ya simu inapojazwa chaji na kutumika hadi ikaisha, inapoteza sehemu moja tu kati ya elfu ya lithiamu inayosafiri ndani yake. Hasara hiyo huwezi hata kuigundua. Lakini zidisha 0.999 kwa yenyewe mara 1,000, utapata 0.37. Kwa anayechaji kila usiku, haitatimia miaka mitatu kabla betri haijabaki na theluthi na kidogo ya uwezo wake. Ili ibaki na asilimia 80, hasara ya kila mzunguko isizidi takriban sehemu mbili kati ya elfu kumi. Hesabu hii nimeirahisisha, ila kiini chake ni hicho. Jeff Dahn wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, na wenzake walitengeneza mitambo ya kuchaji yenye uwezo wa kupima hasara ndogo kiasi hicho, wakaweza kulinganisha betri bila kungoja miaka zichakae.

Lithiamu hiyo haivuji nje. Inanaswa humo humo.

Betri ina elektrodi mbili: hasi ya grafiti, na chanya ambayo mara nyingi ni oksidi yenye kobalti, nikeli au manganisi. Katikati kuna elektrolaiti, kimiminika chenye chumvi ya lithiamu. Unapochaji, ioni za lithiamu huhama kutoka chanya na kujipenyeza kati ya matabaka ya grafiti. Unapotumia simu, hurudi. Betri ikishafungwa kiwandani, haiongezewi lithiamu nyingine.

Tatizo ni kwamba elektrolaiti haistahimili kugusana na grafiti iliyojaa chaji. Huvunjika, na mabaki yake hushikamana na lithiamu kuwa utando mwembamba juu ya grafiti. Emanuel Peled aliueleza utando wa namna hiyo mwaka 1979. Chaji ya kwanza pekee, inayofanyika kiwandani, hula karibu asilimia 5 hadi 10 ya lithiamu yote. Gharama hiyo ni halali kabisa, maana utando hupitisha ioni na kuzuia elektroni, na bila kinga hiyo elektrolaiti ingeendelea kuvunjika mpaka iishe. Ila kinga haikamiliki. Grafiti huvimba kwa karibu asilimia 10 inapojaa, kisha husinyaa. Utando hupasuka, grafiti mpya huachwa wazi, na utando mwingine hujengwa kwa lithiamu nyingine. Gramu moja ya silikoni hubeba lithiamu karibu mara kumi ya grafiti, lakini huvimba kwa takriban asilimia 300. Ndiyo maana watengenezaji wengi huichanganya kidogo kidogo tu.

Upande chanya nao una yake. Chembe zake hupata nyufa, na kipande kilichokatika hakifikiwi tena na umeme. Manganisi huweza kuyeyuka, ikavuka hadi kwenye grafiti na kuuharibu utando, hivyo ugonjwa wa elektrodi moja ukawa wa zote mbili.

Joto huharakisha yote hayo. Mwaka 2012 wamiliki wa magari ya Nissan Leaf huko Phoenix, Arizona, walilalamika kwamba betri zao zinapoteza uwezo mapema mno. Betri hizo zilikuwa na manganisi kwa wingi upande chanya, na hazikuwa na mfumo wa kupozwa kwa kimiminika.

Kuchaji kwa kasi kuna hatari ya aina nyingine, hasa betri ikiwa baridi. Ioni zikifika upesi kuliko grafiti inavyoweza kuzipokea, hugeuka metali juu yake, na sehemu ya metali hiyo hairudi kazini.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam au Mombasa, adui mkubwa ni joto likikutana na chaji iliyojaa, kwa sababu hapo grafiti na upande chanya huwa vikali zaidi dhidi ya elektrolaiti. Simu iliyojaa isiachwe juu ya dashibodi mchana. Kama simu yako ina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe.