Mtoto Anayepanga Kakao

Punje za kakao zimeanikwa juu ya turubai, na mtoto wa miaka saba amechutama pembeni akizipanga mstari mmoja mrefu, kila punje ikigusa mwenzake. Ukimwita hageuki. Mvua ikianza kupiga mabati, anaziba masikio na kulia kama aliyeungua.

Watoto wa namna hii wamo Kamango, mashariki mwa Kongo, kama walivyo kwingine kote: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji, au otizimu kama wasemavyo waliosoma kwa Kifaransa. Kwetu jirani atasema ni bubu. Mwingine atanong'ona kwamba ni mlozi, ingawa sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi.

Kilio kile cha mvua kina sababu. Mwaka 2015 Shulamite Green na wenzake huko California walipima ubongo wa watoto huku wakiwasikilizisha kelele na kuwakwaruza mkono kwa kitambaa cha sufu. Ubongo wa kawaida huzoea upesi, ukaacha kushtuka. Kwa watoto wenye usonji ambao kelele na miguso huwasumbua sana, sehemu inayopiga kengele ya hatari iliendelea kuipiga. Kwa mtoto wa aina hiyo kila tone juu ya bati ni kama la kwanza. Sasa mfikirie tarehe 11 Julai 2013, waasi wa ADF waliposhambulia Kamango na watu zaidi ya 60,000 wakakimbilia Bundibugyo, Uganda, maelfu wakijazana katika kambi ya muda ya Bubukwanga. Risasi, umati, chakula kigeni, njia asiyoijua. Mtoto aliyeshikilia mpangilio wake ili asizame alinyang'anywa wote kwa siku moja.

Tumsaidieje? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kumfanya afanane na wengine. Ivar Lovaas wa Marekani, katika utafiti wake maarufu wa 1987, aliwafunza watoto 19 saa 40 kwa wiki, na makofi ya mapajani yakiwa sehemu ya mafunzo. Naona uchungu kuandika hilo. Mtu aliyefundishwa kuficha hali yake hajapona. Anachoka, na watafiti wameona kujificha huko kukienda pamoja na mawazo ya kujiua.

Mwanasosholojia Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alisema mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walilipima wazo hilo kwa watu 72, waliopokezana hadithi katika misururu ya watu wanane. Wenye usonji wakisimuliana wao kwa wao, hadithi ilifika salama sawasawa na kwa watu wasio na usonji. Ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Basi kwa nini tumtwike mtoto peke yake kazi ya kuvuka mto?

Mengi yanayomfaa hayahitaji kliniki. Mwalimu amkalishe mbali na kelele, amruhusu atoke mvua ikizidi. Mama achore kwa makaa juu ya kipande cha katoni: jembe, mtungi, sahani ya bugali, ili mtoto aone siku itakavyokwenda, na wakibadili njia aonyeshwe kabla. Asiyesema apewe picha za kugusa. Wapo wanaohofia kwamba picha zitamzuia kusema. Tafiti hazikuona hivyo, na baadhi ya watoto huongeza maneno.

Na mstari wa kakao usivunjwe. Mama achutame upande wa pili, asiseme neno, aweke punje moja mwishoni. Huenda mtoto asimtazame. Huenda akaisogeza kidogo tu, ikae sawa, akangoja ya pili.