Wazazi wakiachana kando ya Ziwa Mweru, mtoto naye anahitaji karatasi

NCHELENGE, Zambia. Mfanyabiashara anayevuka Ziwa Mweru anajua thamani ya karatasi. Bila risiti mzigo wa vitenge unazuiwa, na bila hati ya kusafiria mwenyewe anarudishwa. Lakini ndoa inapovunjika, watoto huvushwa bila karatasi yoyote. Mmoja anabaki Kashikishi kwa bibi yake, mwingine anapelekwa Pweto kwa baba yake, na hakuna mahali palipoandikwa nani aliamua hivyo.

Katika eneo la Kenani jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2017 maelfu ya Wakongo walikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, wakaingia Zambia. Walipokelewa katika kituo cha muda cha Kenani, wilayani Nchelenge, na baadaye wengi wakahamishiwa makazi ya Mantapala katika wilaya hiyohiyo. Familia ikiachana huku, mzazi mmoja anaweza kubaki chini ya ulinzi wa ukimbizi na mwingine akarudi ng'ambo. Mtoto anabaki katikati, na ziwa ni mpaka wa nchi.

Tuchukue mfano. Mama mkimbizi anauza dagaa na sabuni. Yeye na mumewe walioana kwa mila huko Kongo. Mahari ilitolewa, lakini ndoa haikuandikishwa serikalini. Sasa wameachana. Mume anajiandaa kurudi kwao na anasema watoto wawili ni wa ukoo wake. Mama anasikia akiambiwa, "Tafuta wakili." Ampate wapi, na kwa fedha gani?

Jibu litamshangaza: katika mlango wa kwanza wa sheria, wakili haruhusiwi kusimama kwa niaba yake.

Mahakama isiyo na mawakili

Nchini Zambia mashauri ya ndoa za kimila huanzia katika mahakama za ngazi ya chini zinazoitwa Local Court. Sheria iliyoziunda inakataza mawakili kuwawakilisha watu humo. Kila mtu anajieleza mwenyewe. Mtu asiyeweza kufika anaweza kuombewa ruhusa ya kuwakilishwa na ndugu wa karibu au mtu wa nyumbani kwake, lakini si wakili.

Kwa mama wa mfano wetu hii ni nafuu, kwa sababu mumewe hawezi kumzidi kwa kuleta wakili wa mjini. Lakini pia ni mzigo. Itambidi ajue mwenyewe aombe nini na athibitishe vipi. Kinachoamua ni ustawi wa mtoto: nani amekuwa akimlisha, kumpeleka shule na kumuuguza, na wapi atakaa salama. Kadi ya kliniki, daftari la shule, na jirani au mwalimu aliye tayari kuja kusema alichokiona vitamsaidia kuliko maneno makali juu ya mume.

Wafanyabiashara wajiandae kwa swali moja hasa: "Ukisafiri, mtoto analala kwa nani?" Mzazi mwenzako anaweza kudai kwamba wewe huonekani nyumbani. Usikane safari zako. Eleza siku unazosafiri, mtaje anayebaki na mtoto, na ikiwezekana uje naye mahakamani.

Lugha nayo iangaliwe mapema. Kando ya Mweru Kibemba ndicho kinachosikika zaidi. Wakongo wengi wanakielewa, ila kukielewa sokoni si sawa na kujieleza mbele ya hakimu. Asiyekimudu amwombe karani wa mahakama mkalimani kabla ya siku ya shauri.

Mila mbili, mtoto mmoja

Hoja ya mume kuhusu ukoo ina mizizi. Miongoni mwa Waluba wa Katanga mtoto huhesabiwa upande wa baba, na mahari hupewa uzito mkubwa. Miongoni mwa Wabemba na jamii nyingi za Luapula, ukoo hufuata mama. Wazazi wawili wanaweza basi kusimama mbele ya hakimu mmoja, kila mmoja akidai kwa dhati kwamba mila iko upande wake.

Sheria haikatazi mila kutajwa, ila haiiachii neno la mwisho. Sheria ya Watoto ya Zambia, Namba 12 ya mwaka 2022, inaweka maslahi ya mtoto mbele. Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 nayo inayatanguliza. Mahari haimnunui mtoto, na kuzaliwa katika ukoo wa mama hakumfuti baba.

Wakili anaingia wapi

Mzazi asiyeridhika na uamuzi wa Local Court ana siku 30 za kukata rufaa katika Subordinate Court, ambayo husikiliza shauri upya. Hapo wakili anaruhusiwa. Waliofunga ndoa ya serikali njia yao ni nyingine: talaka na malezi ya watoto wao huamuliwa na Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Mashauri ya Ndoa ya mwaka 2007, na huko kwenda bila wakili ni kujitia katika shida.

Asiye na uwezo wa kulipa anaweza kuomba kwa Legal Aid Board, bodi ya serikali ya msaada wa kisheria. Ofisi yake ya mkoa wa Luapula iko Mansa, zaidi ya kilomita 200 kutoka Nchelenge. Bodi hupima kipato cha mwombaji, kwa hiyo beba chochote kinachoonyesha hali yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2021 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa maelezo, ushauri na msaada wa kuandaa karatasi. Hao hawasimami mahakamani badala ya wakili, lakini kwa shauri la Local Court huenda ushauri wao ndio unaohitajika.

Mkimbizi asidhani kwamba milango hii ni ya wenyeji tu. Kifungu cha 16 cha Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 kinampa haki ya kufika mahakamani na kupata msaada wa kisheria sawa na raia wa nchi anakoishi. Kikwazo cha kila siku ni safari. Anayetoka katika makazi anahitaji kibali, kwa hiyo tarehe ya shauri ikipangwa aende mapema kwa ofisa wa wakimbizi na wito wa mahakama mkononi.

Kutengana huko kuripotiwe pia kwa ofisa wa wakimbizi na UNHCR. Kama watoto wameandikwa katika kadi ya familia ya baba wakati wanaishi na mama, kadi inasema jambo moja na maisha yanasema lingine. Tena, mzazi akiitwa siku moja kwa safari ya kuhamia nchi ya tatu, ataulizwa hati ya malezi au ridhaa ya mzazi mwingine. Wanaosubiri mpaka siku hiyo huchelewa.

Hukumu inapofika ufukweni

Tuseme mama ameshinda. Amri inasema watoto waishi naye. Wiki mbili baadaye baba anawapandisha boti. Je, karatasi ya Zambia itamrudishia watoto kutoka Pweto?

Peke yake, hapana. Hukumu ya nchi nyingine haitekelezwi Kongo mpaka mahakama ya huko iipe nguvu, na hapo ndipo mzazi atakapomhitaji avoka wa upande ule. Upo Mkataba wa Hague wa mwaka 1980, unaozitaka nchi wanachama kumrudisha haraka mtoto aliyevushwa mpaka isivyo halali. Zambia imejiunga nao. Kongo haimo, na Tanzania haimo. Kwa hiyo mkataba huo haumsaidii mama wa Mweru, wala mwenzake ambaye watoto wake wamepitishwa Tunduma.

COMESA imemwekea mfanyabiashara mdogo utaratibu rahisi wa forodha ili mzigo wake upite. Kwa mtoto anayegombaniwa na wazazi wa pande mbili za ziwa, hakuna utaratibu wa namna hiyo unaoziunganisha nchi hizi zote. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wanaokaa mezani kujadili ushuru wangeweza kuliweka na hili mezani.

Mpaka hapo, kinga iko kabla ya boti kuondoka. Mzazi mwenye hofu aiombe mahakama iandike wazi kwamba mtoto asivushwe mpaka bila idhini ya maandishi ya mzazi mwingine au ya mahakama. Nakala yenye muhuri ipelekwe kituo cha polisi, katika kitengo cha Victim Support Unit, na kwa mwalimu mkuu wa shule. Mkimbizi ampe pia ofisa wa wakimbizi.

Kama mnaelewana

Si kila kutengana ni ugomvi. Wazazi wanaozungumza wanaweza kuandika makubaliano mbele ya mashahidi, kisha wakaiomba mahakama iyathibitishe. Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya inaweza kuwasaidia kukaa pamoja. Makubaliano yajibu maswali haya:

• Mtoto anaishi na nani, na nani anabaki naye siku za safari?
• Mzazi mwingine anamwona lini, na nani analipa nauli?
• Matunzo ni kiasi gani, kwa kwacha au kwa faranga, na yanalipwaje miezi ya Desemba hadi Februari, uvuvi unapofungwa?
• Shule na matibabu ni jukumu la nani?
• Mtoto anaweza kuvuka ziwa lini, na kwa idhini ya nani?

Swali la uvuvi lisidharauliwe. Baba mvuvi aliyeahidi kiasi kilekile kila mwezi atakwama Januari, na mama atadhani amekaidi. Bora kiasi kipungue miezi hiyo na kiongezeke Machi, na yote yaandikwe.

Mama wa mfano wetu, basi, asianze kwa kuuza mtaji wa dagaa ili apate fedha za wakili. Aanze kwa msaidizi wa kisheria au karani wa Local Court, akiwa na kadi za kliniki na jina la shahidi mmoja. Fedha ya safari ya Mansa aiweke. Akishindwa, ataihitaji ndani ya siku 30.