Kirukia juu ya Mparachichi

Katika nyua nyingi za Kigali, kuanzia Kacyiru hadi Kanombe, mparachichi ndio mti wa nyumbani. Humpa askari kivuli arudipo zamuni, na watoto wake tunda la kulia maharage. Uliopandwa kwa kokwa aghalabu hukawia zaidi ya miaka mitano kabla ya kuzaa, na miaka hiyo yote yaweza kupotea polepole, pasipo shoka, kwa sababu ya mgeni aliyeota tawini.

Hata hivyo si kila mgeni ni adui. Kangaga na okidi hushika gamba tu. Maji yao ni ya mvua na umande, wala hazinyonyi mti. Tumewaona vijana hodari, siku ya Umuganda, wakikwangua kangaga mpaka gamba likachubuka, ilhali tawi lililo juu ya vichwa vyao limebeba kirukia kizima chenye maua mekundu. Juhudi ilikuwapo, upelelezi haukuwapo.

Kirukia ni mmea usio na mzizi udongoni. Majani yake hayafanani na ya mti mwenyeji, na pale kiliposhika tawi huvimba. Chozi hujia asali ya maua yake. Ndege wengine wadogo hula matunda, kisha huiacha mbegu juu ya tawi ikiwa na ulimbo wake. Hunata hapo, ikachipua, ikatoboa gamba na kuingiza mzizi wa kunyonya hadi ndani ya mti. Chakula hujipikia kwa majani yake ya kijani, lakini maji na madini huyatwaa kwa mwenyeji. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, mparachichi hubana maji yake, kirukia hakibani. Ndipo tawi hukauka kuanzia pale hadi nchani.

Kukivunja kwa mkono ni kazi bure, kwani sehemu iliyobaki ndani huchipua tena. Dawa ya magugu nayo yaweza kumdhuru mwenyeji pamoja na mgeni. Msumeno ndio silaha: tawi likatwe sentimita 30 hivi kutoka kiliposhika, kwa upande wa shina, kabla matunda hayajaiva. Mkato wa kwanza uwe mfupi, chini ya tawi. Kisha likatwe kutoka juu, lisije likaanguka na kuchuna gamba la shina. Iwapo kimeshika shina lenyewe, kikatwe sawasawa na gamba, na mahali hapo pafungwe kitu cheusi kisichopitisha nuru, kwa mwaka mmoja au zaidi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2008, lakini kipande cha turubai kuukuu kinatosha. Jirani naye hana budi kushirikishwa, maadamu ndege hao hawatambui ua.

Yuko mgeni wa tatu, naye ana heshima zake: umuvumu, wa jamii ya mkuyu, uliopandwa kwenye makazi ya wafalme wa kale. Mbegu yake iliyoletwa na ndege ikimea panda ya mparachichi, huteremsha mizizi hadi ardhini na baadaye kulikaba shina. Ung'olewe ungali mchanga. Ikiwa mizizi imekwisha kufika chini, ikatwe yote kabla haijaungana. Anayeupenda achukue kipande cha tawi la umuvumu mwingine, akipande ardhini, mbali na mparachichi, hushika upesi.