Baada ya Kisu cha Daktari

Watu wengi wakisikia kwamba mtoto mlemavu amepelekwa hospitali na kupasuliwa, hudhani kazi imekwisha, na kwamba kilichobaki ni kumpokea nyumbani kwa vigelegele. Sivyo. Kisu cha daktari hufanya kazi yake kwa saa chache. Mifupa, kano na ngozi ya mtoto huhitaji majuma na miezi. Ni katika majuma hayo ndipo faida ya upasuaji hupatikana au hupotea, na ndiyo sehemu ambayo serikali, waajiri na wazazi tumezoea kuiachia bahati.

Tutazame watoto wanaozaliwa na nyayo za kupinda. Njia ya kuwatibu inayotumika sasa duniani iliasisiwa na Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, na haihitaji upasuaji mkubwa. Mguu wa mtoto mchanga hunyooshwa kidogo kidogo kwa mikono, kisha hufungwa plasta, au hogo kama wasemavyo wengi, nayo hubadilishwa kila juma, mara 5 hadi 7 hivi. Watoto walio wengi hukatwa kano ya kisigino kwa jeraha dogo tu. Baada ya hapo mtoto huvishwa viatu vilivyoungwa kwa kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa muda wa miezi 3, halafu wakati wa kulala mpaka afikie umri wa miaka 4 hivi. Viatu vikiachwa mapema, nyayo hurudi zilikotoka. Twamlaumu upesi mno mama aliyevivua kwa kuwa mtoto analia usiku. Huyo mama pengine hutumia siku nzima garini kuifikia kliniki, na nauli ya juma lijalo hajui itatoka wapi.

Arusha ipo nyumba iliyoanzishwa mwaka 2008, iitwayo The Plaster House, yaani nyumba ya plasta. Huko watoto hukaa kabla na baada ya kupasuliwa, wakalishwa vizuri, wakasafishwa vidonda na kufanyishwa mazoezi ya viungo mpaka waweze kurudi kwao salama. Wamo wa nyayo za kupinda, wa mdomo sungura, wa mgongo wazi, na walioungua moto. Hawa wa mwisho tungependa wasomaji wawafikirie zaidi. Mtoto akimwagikiwa uji wa moto, kovu likianza kukauka hujikunyata na kuvuta kiungo, hata kiwiko kikashindwa kunyooka au kidevu kikavutwa kifuani. Dawa yake, hata baada ya upasuaji, ni kukinyoosha kiungo kila siku, na huuma. Nyumbani ni nani mwenye moyo huo? Bibi atasema, mwacheni mjukuu wangu apumzike. Lakini mtoto aliye kati ya wenzake wenye makovu kama yake huunyosha mkono mwenyewe akiufuata mpira.

Wamo pia wenye matege makubwa yaletwayo na madini ya floraidi katika maji ya miteremko ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Viko visima vya huko vinavyozidi kiasi hicho mara nyingi, na magadi yanayotiwa katika maharage huongeza mengine. Dalili ya kwanza ni meno ya rangi ya udongo, ambayo wengi huyaona kuwa jambo la kawaida tu. Mtoto akinyooshwa miguu kisha akarudishwa kwenye kisima kilekile, huko ni kuteka maji kwa pakacha.

Mafundi wa kazi hii si lazima watafutwe ng'ambo. Chuo cha TATCOT kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kushikiza miguu tangu mwaka 1981, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Kinachopungua ni mahali pa kumlaza mtoto aliyekwisha toka wodini lakini hajafaa kwenda kwao, pamoja na kitanda na sahani ya mama yake. Kila hospitali ya mkoa yafaa iwe na nyumba ya namna hiyo, na gharama yake ni ndogo kuliko kumpasua mtoto mara ya pili.

Hapa wafanyakazi wana neno lao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo mtoto wake anapougua. Siku zaidi ya hizo hutegemea ridhaa ya mwajiri, na huweza kukosa malipo. Siku 4 hazitoshi hata plasta mbili. Kwa hiyo mama mwenye kazi huchagua kati ya mshahara na mguu wa mwanawe, na tusijifanye hatujui mara nyingi achagua nini, maana huo mshahara ndio unaowalisha na watoto wengine. Sheria imeweka kiwango cha chini tu. Haikumkataza mtu kudai zaidi. Mikataba ya hali bora hujadiliwa na vyama vya wafanyakazi mahali pengi, na mara nyingi mazungumzo huishia kwenye posho na nauli. Tungependa matawi yatuandikie ni mkataba upi mpaka leo una kifungu cha mzazi mwenye mtoto aliyelazwa kwa majuma.