Mkoba Peke Yake Hautoshi

Mama mjamzito anapokaribia siku zake, humwuliza kila mara: "Mama, umeshafunga mkoba?" Kanga safi, nguo za mtoto, kadi ya kliniki na nauli. Uchungu haupigi hodi.

Swali hilo lilinirudia niliposoma riwaya ya Octavia Butler iitwayo Parable of the Sower, yaani mfano wa mpanzi. Ilitoka mwaka 1993. Mwandishi huyo, Mmarekani mweusi ambaye mama yake alifanya kazi katika nyumba za watu, aliwaza jinsi California itakavyokuwa kuanzia mwaka 2024: maji ghali, kazi adimu, na familia zikijifungia nyuma ya kuta kwa kuwaogopa wezi.

Lauren, binti wa miaka 15, ni mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti. Anaona ukuta wao hautadumu, naye anafunga mzigo wake wa kukimbilia. Anamweleza rafiki yake, maneno yanawafikia wazazi, nao wanakasirika. Baba yake anampa shauri jema: kuwafundisha watu ni bora kuliko kuwatisha. Akina mama, ni mara ngapi tunawatisha watoto wetu juu ya hatari bila kuwafundisha la kufanya?

Mwaka 2027 katika hadithi hiyo, ukuta unavunjwa na nyumba zinachomwa moto. Lauren anashika njia ya kaskazini kwa miguu pamoja na majirani wawili tu. Njiani wanaongezeka: mume na mke wenye mtoto mchanga, dada wawili, mtoto yatima, mama na binti yake waliotoroka utumwa wa madeni. Kila mgeni anawatia hofu. Hata hivyo wanagawana chakula, na usiku wanalinda kwa zamu. Mwishowe wanafika katika shamba la daktari mmoja wa kundi lao. Nyumba wanaikuta imeteketea, na dada yake daktari amekufa. Wanawaombolezea wafu wao, wanapanda miti, wanaanza upya.

Kitabu hiki si cha watoto, kwa maana kina mauaji na ubakaji. Tena Lauren anaiacha imani ya baba yake na kuanzisha yake mwenyewe; hapo mimi siandamani naye. Lakini mwandishi anamalizia kwa mfano wa mpanzi ulio katika Luka sura ya 8, nami nilifunga kitabu nikijiuliza mimi ni udongo wa namna gani.

Usiku mmoja nilimpokea mama aliyekuja kujifungua akitembea peke yake, mkoba kichwani. Kila kitu kilikuwamo. Alichokosa ni mtu wa kumwamsha. Alikuwa amepanga mtaa ule karibu mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kumbishia hodi.

Mpenzi msomaji, funga mkoba wako. Kisha, kabla ya Jumapili ijayo, nenda kamsalimu yule jirani mgeni usiyemjua jina.