Miradi miwili ya utafiti imefungana: nani apewe pesa?

Mtafiti akitaka pesa, huandika andiko la mradi na kulipeleka kwa mfadhili. Wataalamu wa fani hiyo hulisoma na kutoa alama. Andiko bovu hujulikana mapema, na lile bora kabisa pia. Kasheshe ipo katikati: maandiko mazuri ni mengi, alama zinakaribiana na pesa haitoshi.

Hapo ndipo upendeleo hupenya. Jina la chuo kikubwa linaweza kuamua, na wazo jipya la mtu asiyejulikana likaachwa.

Ndiyo maana baadhi ya wafadhili wanapiga kura ya bahati nasibu. Baraza la Utafiti wa Afya la New Zealand lilianza mwaka 2013, kwa ruzuku za mawazo mapya. Uswisi, Mfuko wa Taifa wa Sayansi unaitumia tangu 2021 pale maandiko yanapofungana. British Academy ya Uingereza ilianza majaribio mwaka 2022.

Hii si kamari tu. Andiko lisilofikia kiwango haliingii kwenye kura. Na anayeambiwa amekosa kwenye kura anajua kazi yake ilifaa, anaweza kujaribu tena.