Uuzaji wa Programu na Michezo ya Simu katika Masoko ya Kidijitali: Mfano wa Mgogoro wa Epic Games na Apple

1.0 Utangulizi

Soko la kidijitali ni mahali pa mtandaoni ambapo mtengenezaji wa programu na mtumiaji wa simu hukutana, malipo hufanyika, na bidhaa hukabidhiwa papo hapo. Apple ilifungua App Store tarehe 10 Julai 2008 ikiwa na programu takribani 500. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Google ilizindua Android Market, ambayo mwaka 2012 ilibadilishwa jina na kuitwa Google Play. Masoko haya yalimwezesha mtengenezaji mdogo kuwafikia wanunuzi wa nchi nyingi bila kuwa na duka wala wakala. Hata hivyo, yalimweka pia chini ya mamlaka ya mwenye soko. Makala hii inafafanua namna mauzo hayo yanavyofanyika na sababu za ada ya soko kuzua mgogoro.

2.0 Njia za Kupata Mapato

Kampuni hupata mapato kwa njia kuu nne: kuuza programu kwa bei maalumu, kuonyesha matangazo, kutoza malipo ya kila mwezi au mwaka, na kuuza bidhaa ndani ya programu inayopakuliwa bure. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyoshamiri zaidi katika michezo. Mfano mzuri ni Clash of Clans, mchezo uliotolewa mwaka 2012 na Supercell, kampuni ya Ufini. Mchezaji huupakua bila malipo na kuanza kujenga kijiji chake. Kadiri anavyoendelea, ujenzi huchukua muda mrefu zaidi, naye asiyetaka kusubiri hununua vito kwa fedha halisi ili kuuharakisha. Kwa hiyo, kinachouzwa hasa si mchezo wenyewe, bali nafuu ya kutosubiri. Wachezaji wengi hawalipi chochote. Mapato hutokana na wachache wanaolipa mara kwa mara.

3.0 Ada ya Soko

Kiwango cha kawaida cha ada kimekuwa asilimia 30 ya mauzo. Mchezaji akinunua kifurushi cha dola 9.99, takribani dola 3 hubaki kwa mwenye soko na 6.99 humfikia mtengenezaji. Kuanzia Januari 2021, Apple ilishusha kiwango hicho hadi asilimia 15 kwa watengenezaji ambao mapato yao hayazidi dola milioni 1 kwa mwaka. Wenye masoko hutetea ada hiyo kwa hoja kwamba wao huhifadhi programu, hukagua usalama wake na hukusanya malipo. Wapinzani wao hujibu kwamba ada ingekuwa halali kama muuzaji angekuwa na soko jingine la kwenda.

4.0 Mgogoro wa Epic Games na Apple

Tarehe 13 Agosti 2020, Epic Games iliingiza katika mchezo wake wa Fortnite njia ya malipo isiyopitia kwa Apple, na kuuza kwa dola 7.99 kile kilichouzwa kwa 9.99. Siku hiyohiyo Apple iliuondoa mchezo huo sokoni, na Epic ikafungua kesi. Mwezi Septemba 2021, Jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa California alikataa sehemu kubwa ya madai ya Epic, lakini aliizuia Apple kuwakataza watengenezaji kuwaelekeza wateja kwenye njia nyingine za malipo. Baadaye Apple iliruhusu viungo hivyo, lakini ikavitoza ada ya hadi asilimia 27. Mwezi Aprili 2025 jaji huyohuyo aliamua kwamba Apple ilikiuka amri yake.

5.0 Hitimisho

Mfano huu unaonyesha kwamba kiini cha mgogoro si kiwango cha ada pekee, bali ni nani anayemmiliki mteja. Muuzaji asiyeruhusiwa kumwambia mnunuzi wake kwamba bei ni nafuu mahali pengine hana uhuru kamili wa kibiashara, hata kama bidhaa ni yake. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, kupitia Sheria ya Masoko ya Kidijitali ambayo Apple ilitakiwa kuitii kuanzia Machi 2024, uliilazimisha kampuni hiyo kuruhusu masoko mengine katika simu zake. Mtengenezaji anayeingia katika biashara hii hana budi kusoma masharti ya soko kwa makini kama anavyopanga bei yake.